Filimbi ya serahangi

Filimbi ya serahangi (pia: filimbi ya bosuni) ni filimbi ndogo ya metali, mara nyingi ya fedha, shaba au shaba nyeupe, inayotumika melini kuwapa mabaharia amri na kuwaheshimu wageni rasmi. Hubebwa na serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitahani, pamoja na wasaidizi wake. Kabla ya kuwepo vipaza sauti vya umeme, ilikuwa njia kuu ya kufikisha amri kutoka kwa maofisa hadi kwa mabaharia waliokuwa juu ya milingoti, ndani ya ngama au upande wa pili wa meli.

Leo kazi nyingi za meli zinaongozwa kwa vipaza sauti na redio, lakini filimbi hiyo bado inatumika katika majeshi ya majini ya nchi mbalimbali kama ishara ya heshima na utaratibu. Skauti wa majini huitumia pia.

## Jina

Neno *serahangi* (au *sarahangi*) limeingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi *sarhang*, lenye maana ya kamanda au kiongozi. Neno hilo lilienea katika bandari zote za Bahari ya Hindi. Huko Uhindi mabaharia humwita kiongozi huyo *serang*, na msaidizi wake *tindal*. Katika meli za siku hizi mabaharia wengi wa Afrika Mashariki husema *bosuni*, kutoka Kiingereza.

Serahangi si nahodha. Nahodha ndiye mwenye mamlaka juu ya chombo chote na safari yake. Serahangi anasimamia kazi za sitahani: kamba, nanga, matanga, mashua ndogo, usafi na zamu za watu. Amri ya nahodha au ofisa wa zamu humfikia yeye kwanza, naye huipeleka kwa mabaharia. Filimbi ni chombo cha kazi hiyo.

## Muundo

Filimbi ya serahangi haifanani na filimbi ya refa wa mpira. Haina punje ndani yake. Ina sehemu kuu nne, na katika Kiingereza cha mabaharia kila sehemu imepewa jina la kitu cha melini. Kwa Kiswahili majina hayo ni kama ifuatavyo:

* Mzinga – mrija mwembamba uliopinda kidogo, ambao mpigaji hupuliza upande wake mmoja.
* Boya – tufe dogo lililo wazi ndani, lenye tundu juu yake mbele ya mdomo wa mrija.
* Mkuku – bapa la metali lililo chini ya mrija, linaloshika sehemu zote pamoja na kumpa mpigaji mahali pa kushikia.
* Pete – kiduara kilichofungwa kwenye mkuku kwa ajili ya mkufu au kamba ya kuvaa shingoni.

Hewa inayotoka katika mrija hugonga ukingo wa tundu la boya. Sehemu ya hewa huingia ndani na sehemu hupita nje, kwa kubadilishana haraka sana. Mtikisiko huo wa hewa ndani ya tufe ndio unaotoa sauti. Kwa kuwa tufe ni dogo, sauti yake ni ya juu na kali. Kelele za upepo, mawimbi na mitambo huwa na sauti nzito zaidi, kwa hiyo mlio wa filimbi hupenya katikati yake. Isitoshe, sikio la binadamu husikia vizuri zaidi sauti zilizo kati ya hezi 2,000 na 4,000 hivi, na milio mikali ya filimbi huangukia katika eneo hilo.

## Namna ya kupiga

Mpigaji hushika mkuku kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, boya likiwa karibu na kiganja. Vidole vilivyobaki hukunjwa juu ya boya bila kuligusa tundu lake. Mkono ukiwa wazi, sauti huwa ya chini. Vidole vikikunjwa na kuzuia hewa karibu na tundu, na pumzi ikiongezwa nguvu, sauti hupanda.

Kutokana na sauti hizo mbili, ya chini na ya juu, hupatikana namna tatu za mlio:

* Mlio mnyofu – sauti inayodumu bila kutikisika.
* Mlio wa kupanda na kushuka – sauti inayobadilika haraka kati ya juu na chini kwa kufungua na kufunga mkono, kama mlio wa ndege.
* Mlio wa kutetema – sauti inayotikiswa kwa ulimi, kama mtu anavyotamka herufi *r* kwa kuivuta.

Kwa kuunganisha milio hiyo, mirefu na mifupi, hupatikana amri nyingi. Mwanafunzi hujifunza kwa kusikia na kurudia. Kuna pia michoro yenye mistari inayoonyesha lini sauti inapanda, inashuka au inakatika.

## Amri na maana zake

Baadhi ya amri zinazojulikana zaidi ni hizi:

* Tulia – mlio mmoja mrefu wa sauti ya juu. Kila mtu anaacha anachofanya, ananyamaza na kusimama wima. Hutumika kabla ya tangazo, wakati wa kutoa heshima au panapotokea hatari.
* Endelea – sauti fupi ya juu ikifuatwa na ya chini. Huondoa amri ya kutulia, na kazi inaendelea.
* Ubavuni – sauti inayoanza chini, inapanda polepole na kushuka tena. Ni ya kumpokea au kumuaga mtu wa heshima.
* Vuta, pandisha na shusha – milio ya kuongoza kundi linalovuta kamba, ili nguvu za wote ziende pamoja.
* Chakula – mlio mrefu wenye mapambo mengi, wa kuwaita mabaharia kula.
* Kimya cha usiku – mlio wa kufunga kazi za siku. Taa huzimwa na kelele hukoma. Katika Kiingereza, jina la amri hiyo limekuwa msemo wa kawaida wa kumwambia mtu anyamaze.

Faida ya amri hizo ni ufupi wake. Baharia aliye juu ya foromali, akishika tanga kwa mikono miwili katika upepo mkali, hawezi kusikia sentensi inayosemwa chini. Mlio mmoja unamtosha. Akikosea kuutambua, anaweza kulegeza kamba wakati wenzake wanavuta, na mtu akaanguka au kujeruhiwa. Ndiyo sababu amri za filimbi zilifundishwa kwa ukali, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupiga filimbi kwa mchezo melini.

## Historia

Matumizi ya vyombo vya kupuliza kuongoza mabaharia ni ya kale. Katika merikebu za vita za Wagiriki wa kale, zilizoendeshwa kwa safu tatu za makasia, alikuwepo mpiga zumari aliyewasaidia wapiga makasia kwenda kwa mwendo mmoja.

Huko Uingereza filimbi ilikuwa ishara ya cheo kabla ya kuwa chombo cha kazi cha serahangi peke yake. Amiri mkuu wa majeshi ya majini alivaa filimbi ya dhahabu shingoni. Amiri Edward Howard alikufa mwaka 1513 alipovamia merikebu za Wafaransa karibu na Brest. Inasimuliwa kwamba alipoona ameshindwa, alitupa filimbi yake baharini ili adui asiipate. Filimbi za namna hii zimepatikana pia katika mabaki ya manowari *Mary Rose*, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982.

Baadaye filimbi ya amri ilibaki mikononi mwa serahangi na wasaidizi wake. Kutoka Uingereza desturi zake zilienea katika majeshi ya majini ya Marekani, Uhindi, Kanada, Australia na nchi nyingine.

### Filimbi za fedha

Filimbi za kazi za kawaida zilitengenezwa kwa shaba. Zile za fedha zilikuwa mali binafsi, zawadi au alama ya cheo. Katika karne ya 18 na ya 19 masonara wa mji wa Birmingham, Uingereza, walitengeneza nyingi. Fedha iliyotumika ilikuwa ya kiwango cha asilimia 92.5; sehemu iliyobaki kwa kawaida ni shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno na hupinda kwa urahisi.

Mkuku na boya vilichorwa nanga, majani, maua, kamba zilizosokotwa au herufi za kwanza za jina la mwenyewe. Mkufu wa fedha ulikuwa sehemu ya pambo. Filimbi za Birmingham hutambulika pia kwa mhuri wa nanga. Lakini mhuri huo hauhusiani na mabaharia: nanga ndiyo alama ya ofisi ya kupima ubora wa fedha ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1773, na hupigwa hata kwenye vijiko. Birmingham yenyewe iko mbali na bahari.

### Heshima ya ubavuni

Desturi ya kumpigia filimbi mgeni anapoingia melini ilitokana na kazi halisi. Zamani, bahari ilipochafuka, ofisa aliyekuja kwa mashua hakuweza kupanda ngazi ya kamba. Alikalishwa kwenye kiti kilichofungwa kamba, na mabaharia wakamvuta hadi sitahani. Serahangi aliwaongoza kwa filimbi: vuta, polepole, simama, shusha. Ofisa mkubwa zaidi aliheshimiwa kwa watu wengi zaidi wa kumvuta.

Kiti kiliachwa, lakini filimbi ilibaki. Leo mgeni hupanda kwa miguu yake, huku mlio wa ubavuni ukipigwa na mabaharia wakisimama wima. Heshima hiyo hutolewa kwa makamanda wa meli, maofisa wa majini wa nchi za kigeni na wakuu wengine, kulingana na kanuni za kila jeshi. Katika desturi ya Uingereza, hata maiti hupigiwa filimbi inapoingizwa au kutolewa melini.

## Afrika Mashariki

### Kabla ya manowari za Kizungu

Katika majahazi na mitepe ya pwani ya Waswahili amri zilitolewa kwa sauti ya mtu. Kazi nzito, kama kutweka foromali au kuvuta nanga, ziliongozwa kwa nyimbo za kupokezana: mmoja anaanza, wengine wanaitikia na kuvuta kwa pamoja. Wimbo ulifanya kazi ileile ambayo filimbi ilifanya kwenye manowari.

Chombo cha kupuliza kilichokuwa na heshima kubwa pwani ni siwa, baragumu kubwa la pembe za ndovu au la shaba. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mfalme wa mji alikuja kukutana naye akiwa na wapigaji wa baragumu ndefu za pembe za ndovu, zilizopulizwa kutoka ubavuni. Siwa maarufu za Pate na Lamu zimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Lamu. Kama filimbi ya fedha ya amiri, siwa ilitangaza cheo cha mwenye mamlaka kabla hajasema neno.

### Zanzibar katika karne ya 19

Filimbi ya serahangi ilisikika mara kwa mara katika bandari ya Zanzibar baada ya manowari za Uingereza kuanza kufanya doria dhidi ya biashara ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko la watumwa la Unguja. Kuanzia mwaka uliofuata, manowari ya zamani *London* ilitia nanga bandarini kwa miaka kadhaa kama kituo cha doria hiyo. Mashua zake zilizunguka Unguja na Pemba zikikagua majahazi. Kazi hiyo ilikuwa na hatari. Mnamo Desemba 1881 kamanda wa *London*, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kukagua jahazi lililobeba watumwa chini ya bendera ya Ufaransa.

Waingereza hawakufanya kazi hiyo peke yao. Manowari zao katika Bahari ya Hindi ziliajiri mabaharia Waafrika kutoka Zanzibar na bandari nyingine, wakiwemo watu waliowahi kuwa watumwa. Waliwaita *Seedie*, kutokana na neno la Kiarabu *sidi*, yaani bwana. Mabaharia hao walichochea makaa ya mawe katika vyumba vya mashine vyenye joto kali, walipiga makasia na kufanya kazi za sitahani. Malipo yao yalikuwa madogo kuliko ya mabaharia Wazungu, na wengi waliandikishwa kwa majina ya mzaha waliyopewa na maofisa badala ya majina yao wenyewe. Kwa sababu hiyo ni vigumu leo kwa familia za pwani kuwatambua mababu zao katika daftari za meli.

Mabaharia hao walikuwa na viongozi wao, walioitwa *tindal* kama katika meli za Uhindi. Tindal alipokea amri na kuhakikisha wenzake wameielewa na kuitekeleza. Hivyo cheo chenye asili ya Bahari ya Hindi kiliingizwa ndani ya utaratibu wa manowari ya Kiingereza. Kwenye sitaha iliyokuwa na watu wa lugha nyingi, mlio wa filimbi ulikuwa na faida ya pekee: haukuhitaji kutafsiriwa.

Manowari hizohizo zilitumika pia kulazimisha utawala. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja, manowari za Uingereza zilipiga mizinga jumba la sultani Zanzibar na kuzamisha meli ya sultani, *Glasgow*. Watu wapatao 500 upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa. Katika kisiwa cha Chapwani, karibu na Mji Mkongwe, kuna makaburi ya mabaharia Waingereza, wakiwemo wa manowari *Pegasus* iliyopigwa na meli ya Kijerumani *Königsberg* tarehe 20 Septemba 1914.

### Karne ya 20

Wakati wa ukoloni vikosi vya majini vya Kenya, Tanganyika na Zanzibar viliunganishwa mwaka 1950. Kuanzia mwaka 1953 jeshi hilo la pamoja lilikuwa na jina la Jeshi la Kifalme la Majini la Afrika Mashariki, likiwa na makao yake Mombasa na kufuata desturi za jeshi la majini la Uingereza. Lilivunjwa mwaka 1962. Baada ya uhuru kila nchi iliunda jeshi lake: jeshi la majini la Kenya lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, na Tanzania ina kamandi ya majini ndani ya JWTZ, yenye makao Kigamboni, Dar es Salaam.

## Filimbi na usalama majini leo

Filimbi imebaki kuwa kifaa cha kuokoa maisha. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila jaketi la kuokolea liwe na filimbi iliyofungwa kwa kamba. Mtu aliyeanguka majini huchoka haraka kupiga kelele, lakini anaweza kupuliza filimbi kwa muda mrefu zaidi, na sauti yake hufika mbali kuliko ya mtu.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo, za mwaka 1972, zimeweka pia ishara za honi kwa vyombo vinavyoonana:

* mlio mfupi 1: ninageukia kulia;
* milio mifupi 2: ninageukia kushoto;
* milio mifupi 3: mashine zangu zinarudisha nyuma;
* milio mifupi 5 au zaidi: sielewi nia yako, au naona hatari.

Chombo chenye urefu wa chini ya mita 12 hakilazimiki kuwa na honi ya kawaida ya meli, lakini lazima kiwe na njia nyingine ya kutoa sauti inayosikika vizuri. Kwa mashua ndogo ya uvuvi, kama zile za ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria, ambako wilaya ya Busega ndiyo sehemu pekee ya mkoa wa Simiyu inayogusa ziwa, filimbi ya bei ndogo inaweza kutimiza kazi hiyo usiku au katika ukungu.

## Filimbi za ishara nchi kavu: mfano wa Simiyu

Filimbi kama chombo cha amri haikubaki baharini. Mwaka 1883 Joseph Hudson wa Birmingham alianza kutengeneza filimbi kwa ajili ya polisi wa London, na mwaka uliofuata alitoa filimbi yenye punje ambayo marefa, walimu na askari wa usalama barabarani wanaitumia hadi leo. Kiwanda chake hutengeneza pia filimbi za serahangi.

Katika mikoa ya Wasukuma na Wanyamwezi filimbi ilipata kazi nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979, wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha uliongezeka. Wanavijiji wa mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, waliunda vikundi vya ulinzi vilivyoitwa sungusungu au basalama. Kiongozi wake aliitwa *ntemi*, kama watawala wa jadi. Kila mwanamume alitakiwa kuwa na upinde, mishale na filimbi, zikiwemo filimbi zilizotengenezwa kwa shingo za vibuyu.

Ng'ombe wakiibwa, aliyegundua alipuliza filimbi au kupiga yowe, liitwalo *mwano*. Kijiji cha jirani kilisikia na kupuliza pia, na ishara ikasafiri mbele ya wezi kuliko mtu yeyote angeweza kukimbia. Asiyeitikia alitozwa faini au kutengwa na wenzake. Utaratibu huo ulisaidia kurudisha mifugo, lakini ulileta pia malalamiko, kwa kuwa watu wengine walipigwa au kuadhibiwa bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuvitambua vikundi hivyo na kuviweka chini ya sheria za nchi.

Tofauti kati ya filimbi ya fedha na ile ya kibuyu ni kubwa kwa thamani na pambo. Kwa kazi zinakaribiana: zote hudai kwamba anayesikia ajue maana ya mlio na aitikie mara moja. Lakini ya serahangi inabeba amri kutoka juu kwenda chini, wakati ile ya kijijini inaweza kupulizwa na yeyote anayehitaji msaada.

## Tazama pia

* Baharia
* Jahazi
* Nahodha
* Siwa
* Sungusungu
* Mkoa wa Simiyu